Diski Ikichomoza Mgongoni: Mazoezi Gani, na Kwa Wakati Gani

Kwa miaka mingi Wakala wa Vipimo umekuwa ukikataza gunia la mazao kuzidi kilo 100, na kwa miaka hiyo hiyo lumbesa imeendelea kufungwa: viazi vinajazwa hadi mdomoni, juu linashonewa kofia, kisha gunia zima linatwishwa kijana mmoja apande nalo kwenye lori. Shirika la Kazi Duniani, katika pendekezo lake la mwaka 1967, lilitaka mwanaume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55 kazini. Pale Uyole, au kwenye maghala ya Mafinga na Makambako, kijana anaweza kubeba mara mbili ya uzito huo, na anarudia safari hiyo tangu asubuhi hadi jioni kwa sababu analipwa kwa gunia.

Hata hivyo usidhani tatizo la diski ni la wapagazi peke yao. Mama anayelima kwa jembe la mkono Kilolo analijua, mchuma chai wa Mufindi analijua, mpasua mbao wa Sao Hill analijua, na dereva anayeshuka Kitonga na shehena ya Tunduma analijua vilevile. Karani ambaye hajawahi kubeba hata debe la mahindi anaweza kupiga chafya asubuhi moja na kubaki ameshika kiuno. Watafiti waliofuatilia mapacha nchini Finland walikuta kwamba urithi wa damu unachangia sana uchakavu wa diski, pengine kuliko kazi yenyewe. Mzigo hukuta mgongo ambao tayari una udhaifu wake, kisha humalizia.

Kama maumivu yako yameanzia kiunoni yakashuka kwenye tako, nyuma ya paja, hadi kwenye shavu la mguu au unyayo, yakichoma kama moto au yakiambatana na ganzi, haya yanakuhusu. Mazoezi yanasaidia, tena sana, ila usiyapime kwa jinsi mgongo unavyouma. Yapime kwa mguu. Nitaeleza kwa nini.

Kinachotokea ndani

Uti wa mgongo una pingili 24 zinazocheza, na katikati ya pingili na pingili, isipokuwa mbili za juu kabisa, kuna diski. Fikiria tairi la baiskeli. Nje kuna mpira mgumu wenye nyuzi, ndani kuna tyubu. Tairi likichanika, tyubu inachungulia pale penye ufa. Diski nayo ina ukuta wa nyuzi ngumu unaozunguka kiini laini chenye maji mengi. Ukuta ukichanika, kiini kinachomoza nje, na mara nyingi kinaelekea nyuma kwa pembeni, mahali hasa unapopita mshipa wa fahamu unaokwenda mguuni. Katika kiuno, karibu visa vyote hutokea kwenye diski mbili za chini kabisa, kwa kuwa ndizo zinazobeba uzito mkubwa na kukunjwa zaidi.

Maumivu ya mguu hayatokani na kubanwa peke yake. Kiini kile kikitoka nje mwili hukiona kama kitu kigeni, unatuma chembe za kinga kukishambulia, na mshipa ulio karibu unavimba kwa uchochezi huo. Ndiyo maana siku za kwanza huwa kali mno. Na ndiyo maana vilevile watu wengi hupona: chembe zilezile zinazoleta maumivu hukila kile kipande kidogo kidogo. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikuta kwamba takriban theluthi mbili ya diski zilizochomoza kiunoni zilisinyaa au kuyeyuka bila upasuaji. Cha kushangaza, vipande vikubwa vilivyotoka nje kabisa ndivyo huyeyuka zaidi kuliko uvimbe mdogo.

Kwa hiyo diski haijahama mahali pake kama mfupa uliotenguka, na hakuna wa kuirudisha kwa mkono. Kukanyagwa mgongo, kuvutwa miguu na watu wawili, au kubonyezwa pingili hadi zilie, yote hayo kwa mtu ambaye mshipa wake umevimba yanaweza kumwongezea jeraha. Kusingwa taratibu kwa mafuta ya uvuguvugu hakuna ubaya, maana misuli inalegea na usingizi unapatikana. Lakini mtu asikupande mgongoni.

Kwanza hakikisha ni diski

Hapa naomba usome polepole, kwa sababu katika mikoa yetu kosa la mahali hapa linagharimu miguu ya watu.

Njombe, Iringa na Mbeya ni miongoni mwa mikoa yenye maambukizi makubwa zaidi ya VVU nchini, na mahali palipo na VVU kifua kikuu hakikosi. Kifua kikuu hakikai kifuani tu. Kinaweza kuingia kwenye pingili za mgongo, kikazila taratibu kwa miezi, bila hata kikohozi. Maumivu yake hayana haraka: yanaongezeka wiki hadi wiki, yanauma usiku hata ukiwa umelala, yanakuja na kupungua uzito, homa za jioni, jasho la usiku, na baadaye kinundu katikati ya mgongo. Mtu mwenye dalili hizi akipewa mazoezi ya diski anapotezewa muda ambao ungeokoa uti wake wa mgongo. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure Tanzania nzima. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu kufikiri kwamba mgongo nao unaweza kuugua kifua kikuu. Kwa ndugu zetu wafugaji wa Usangu na Pawaga wanaokunywa maziwa mabichi, ipo pia homa ya kutupa mimba, ambayo huingia mgongoni kwa namna inayofanana.

Nenda hospitali kabla ya kuanza zoezi lolote ikiwa maumivu yamefuatia ajali ya bodaboda au kuanguka, ikiwa umewahi kuugua saratani, ikiwa wewe ni mwanaume mtu mzima ambaye mkojo unakusumbua na mifupa inauma, au ikiwa maumivu ya mgongo yamekuanza kwa mara ya kwanza ukiwa umevuka miaka 55.

Kuna dalili nyingine ambazo hazisubiri kesho. Mkojo ukigoma kutoka, au ukitoka bila wewe kujua, choo kikikuponyoka, ganzi ikishika sehemu za siri na pale unapokalia tandiko la baiskeli, miguu yote miwili ikilegea. Hizo ni dalili kwamba fungu zima la mishipa ya mwisho wa uti limebanwa. Upasuaji unatakiwa ufanyike mapema, ikiwezekana ndani ya saa 48, na anayechelewa anaweza kuishi na mpira wa mkojo maisha yake yote. Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam, iliko Taasisi ya Mifupa Muhimbili, ni zaidi ya kilomita 800. Hesabu hiyo ifanye usiku uleule dalili zinapotokea: nenda moja kwa moja Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Iringa kama uko upande huo, na useme waziwazi kuhusu mkojo na ganzi hata kama unaona aibu. Wanaume wengi hunyamaza hapo. Usinyamaze.

Kipo pia kipimo unachoweza kujifanyia nyumbani. Shika ukuta, tembea hatua kumi kwa visigino, vidole vikiwa juu. Kisha tembea hatua kumi kwa ncha za vidole. Mguu mmoja ukishindwa kuinua unyayo, au kisigino kikigoma kunyanyuka ilhali mguu wa pili unaweza, basi mshipa umeanza kupoteza nguvu. Mwone daktari ndani ya siku chache, na rudia kipimo hicho kila asubuhi ili ujue kama nguvu inapungua.

Kuhusu picha, eksirei inaonyesha mfupa tu, diski haionekani. MRI inaionyesha, lakini ni ghali na ukiwa wilayani ni safari. Tena inaonyesha mengi kuliko yanayouma. Tafiti zilizokusanywa mwaka 2015 zilikuta kwamba kati ya watu wa miaka 50 wasio na maumivu yoyote, asilimia 60 walikuwa na diski zilizotuna. Ukipata karatasi iliyoandikwa kwamba diski tatu zimetuna, usilie. Uliza kama ile iliyotuna iko upande wa mguu unaouma, na kama ndiyo inayogusa mshipa wa mguu huo. Kama huna dalili za hatari nilizotaja, kwa kawaida picha inaweza kusubiri wiki sita.

Wiki za kwanza

Zamani mgonjwa wa diski aliambiwa alale wiki mbili juu ya ubao. Mwaka 1999 watafiti wa Uholanzi waliwagawa wagonjwa wenye maumivu ya mguu, wengine wakalazwa kitandani wiki mbili, wengine wakaendelea na shughuli kadiri walivyoweza. Waliolala hawakupona mapema kuliko wenzao. Lala siku moja au mbili kama maumivu hayavumiliki, kisha simama. Ubao na sakafu ya saruji havina tiba ndani yake, na kwa baridi ya Mbeya ya Juni na Julai vinakukaza misuli bure. Utafiti wa Hispania wa mwaka 2003 kwa watu wenye maumivu ya kiuno ya muda mrefu uliona godoro lenye ugumu wa wastani likifaa kuliko gumu sana. Lala ubavu, mto katikati ya magoti, au chali ukiwa umeweka mto chini ya magoti.

Zoezi la kwanza ni kutembea. Dakika tano hadi kumi, mara nne au tano kwa siku, kwenye ardhi tambarare, mwendo wa kawaida. Iringa mjini ni panda-shuka. Kupanda kutoka Ipogolo si jambo la wiki ya kwanza. Zunguka uwanja wa shule, au barabara ya mtaa iliyo sawa. Maumivu ya mguu yakizidi baada ya dakika tatu, tembea dakika mbili na uongeze idadi ya safari.

Kukaa ndiko kunakoitesa diski zaidi ya kusimama, hasa ukikaa umejikunja. Kama lazima usafiri, kunja mgolole au kitenge ukiweke nyuma ya kiuno, na basi likisimama abiria wachimbe dawa, shuka nawe utembee hata kama huna haja. Kama safari inaweza kusubiri, isubirishe.

Tena kuna jambo ambalo wakulima wengi hawajaambiwa. Usiku ukilala, diski hunyonya maji na kuvimba. Ndiyo maana asubuhi unakuwa mrefu kidogo kuliko jioni. Diski iliyojaa maji ikikunjwa kwa nguvu inapata msukumo mkubwa zaidi. Anayeamka saa kumi na moja alfajiri na kuinamia jembe papo hapo anaikunja saa ambayo ni mbaya kuliko zote. Tembea kwanza, chota maji kwa ndoo ndogo, pika uji ukiwa umesimama. Kazi za kuinama zianze angalau saa moja baada ya kuamka.

Dawa za maumivu zinazouzwa duka la dawa, kama diklofenaki na ibuprofeni, zinapunguza makali kwa siku chache ili uweze kutembea. Hazifai kumezwa miezi mitatu mfululizo: zinachoma tumbo, zinapandisha presha, zinaumiza figo. Mwenye vidonda vya tumbo, presha au ugonjwa wa figo, na mama mjamzito, asizinunue bila kuongea na mhudumu wa afya. Wala sindano ya kila wiki haiponyi diski.

Mguu unavyokuongoza

Mwaka 1956, mtaalamu wa fiziotherapia wa New Zealand aitwaye Robin McKenzie alimkuta mgonjwa wake amelala kifudifudi kwenye kitanda kilichokuwa kimeinuliwa upande wa kichwa, mgongo ukiwa umepindia nyuma. Kwa mafundisho ya wakati ule hilo lilikuwa kosa kubwa. McKenzie alisimulia baadaye kwamba mgonjwa yule alimwambia mguu haujawahi kuwa na nafuu kama siku ile. Tangu hapo alijenga mtindo mzima wa tiba juu ya jambo moja: maumivu yanayopanda kutoka mguuni kurudi kiunoni yanatangaza nafuu, hata kama kiuno chenyewe kinauma zaidi kwa muda. Maumivu yanayoshuka kutoka tako kwenda unyayoni yanakuambia uache.

Jaribu hivi. Lala kifudifudi kwenye mkeka au godoro, mikono pembeni, dakika mbili au tatu, ukipumua taratibu. Sikiliza mguu. Kama haujazidi, jiinue kwenye viwiko, kifua kikiwa juu, nyonga ikiwa chini, ukae dakika moja au mbili. Siku inayofuata, kama mambo ni mema, weka viganja chini ya mabega na usukume kifua juu huku nyonga ikibaki mkekani na makalio yamelegea. Panda, shuka, mara kumi. Rudia kila baada ya saa mbili au tatu za mchana. Maumivu yakihama kutoka kwenye shavu la mguu hadi kwenye paja, endelea. Yakishuka au ganzi ikiongezeka na kubaki, acha zoezi hilo.

Si kila mtu linamfaa. Mzee ambaye maumivu yake yanakuja akisimama au akitembea na kutulia akiketi au akiinamia mkokoteni, huenda tatizo lake ni kubana kwa njia ya mishipa, na kwake kupinda nyuma huongeza mateso. Huyo hulala chali na kuvuta magoti kifuani. Mama mwenye mimba kubwa asilale kifudifudi. Na kwa kweli tafiti hazijaupa mtindo mmoja wa mazoezi ushindi juu ya mingine yote. Wanaopata nafuu ni wale wanaofanya kila siku, wakiongeza kidogo kidogo.

Katika wiki hizi achana na mazoezi ya kuinuka kutoka chali kama ya jeshini, kugusa vidole vya miguu huku magoti yamenyooka, kuruka kamba, na vyuma vya jimu.

Maumivu ya mguu yakitulia, kwa kawaida baada ya wiki tatu hadi sita, jenga misuli. Lala chali, kunja magoti, inua kiuno hadi mwili unyooke kutoka mabegani hadi magotini, hesabu tano, shusha, mara kumi. Piga magoti na viganja chini, nyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto kwa wakati mmoja bila kiuno kuyumba, hesabu tano, badilisha. Lala ubavu, jiinue kwa kiwiko na magoti, hesabu kumi. Halafu jifunze kuinama upya: simama, shikilia mpini wa jembe nyuma yako, uguse kisogo, mgongo wa juu na makalio, kisha inama ukisukuma makalio nyuma huku mpini ukiendelea kugusa sehemu zote tatu. Ukiachana na sehemu moja, umekunja mgongo badala ya nyonga. Zoezi hili la mpini nalipenda kuliko yote, kwa sababu ndilo utakalolitumia shambani kila siku.

Mtaalamu wa mazoezi tiba akikuangalia hata mara mbili tatu, atarekebisha usiyoyaona mwenyewe. Omba rufaa kutoka kituo cha afya au hospitali ya wilaya yako. Hospitali za rufaa huwa na idara hiyo, na wagonjwa wengi hawajui kwamba wanaweza kuiulizia.

Upasuaji, na kurudi kazini

Kama mguu unapoteza nguvu, au maumivu makali yamepita wiki sita hadi kumi na mbili bila nafuu yoyote, zungumza na daktari wa upasuaji bila hofu. Watafiti wa Uholanzi mwaka 2007 walilinganisha wagonjwa 283: waliopasuliwa mapema walipata nafuu ya mguu haraka zaidi, lakini baada ya mwaka mmoja makundi yote mawili yalikuwa sawa, takriban asilimia 95 wamepona. Kati ya waliosubiri, karibu wanne katika kila kumi waliishia kupasuliwa. Upasuaji unanunua muda. Kwa mtu ambaye familia inamtegemea na hawezi kusimama, muda huo una thamani kubwa. Kwa anayeweza kusubiri, kusubiri hakumharibii.

Gumu kuliko yote ni kurudi kwenye mzigo. Muulize anayekuajiri kama unaweza kuanza na kazi ya kupanga au kuhesabu magunia. Ndoo ya maji ya lita 20 ni kilo 20. Wataalamu wa usalama kazini wa Marekani wanaweka kilo 23 kuwa kikomo cha kuinua hata katika mazingira mazuri kabisa. Anza na nusu ndoo, wiki mbili. Mguu ukiwa kimya, ongeza robo. Gunia linyanyueni watu wawili, au tumieni mkokoteni hadi kwenye ubao wa lori. Jembe litie mpini mrefu: California ilipiga marufuku jembe la mpini mfupi mwaka 1975 baada ya migongo ya vibarua wa mashambani kuharibika kwa wingi, na hakuna sababu mkulima wa Isimani aendelee kujikunja kwa mpini ambao fundi anaweza kuubadilisha kwa jioni moja.

Mazoezi ya kujenga misuli yafanye siku tatu kwa wiki hata baada ya kupona, maana diski iliyochanika mara moja inaweza kuchanika tena. Siku mguu ukianza tena kuwaka, rudi kwenye mkeka, lala kifudifudi, tembea dakika tano, na rudia kipimo cha visigino kabla hujaamua chochote kingine.